Habari za Moto Usiozimwa katika Nchi ya Wairaqw

Mgeni aingiapo katika nyumba ya kale ya Mwiraqw saa za adhuhuri, wakati hakuna chungu mekoni wala mtu angojaye chakula, huona jambo la kumshangaza: kati ya mafiga matatu moto u hai. Hauwaki kwa ndimi. Ni gogo moja tu lililolazwa, ncha yake nyekundu chini ya majivu, na uzi mwembamba wa moshi wapanda darini. Akiuliza kwa nini hauzimwi, mama wa nyumba humtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini ng'ombe hawauzwi jioni na kununuliwa tena asubuhi.

Sisi walimu tumezoea kuuita moto huo upotevu wa kuni. Tumeandika hivyo ubaoni, na watoto wamenakili katika madaftari yao, kisha wamerudi nyumbani jioni kuota moto ule ule tuliowafundisha kuulaumu. Walakini tangu habari ya majiko mapya ilipoanza kusemwa katika kila mkutano wa kijiji, tumejiuliza kama tulipata kuujua moto huo kabla ya kuuhukumu. Basi tumeona vema kuandika habari zake kwa kadiri tunavyozifahamu, tukianza na nchi yenyewe, maana aliyezaliwa pwani hawezi kuufahamu moto huu asipokwanza kuona baridi.

Mji wa Mbulu uko juu kupita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Kainam, ambako Wairaqw huhesabu ndiko chimbuko lao, ni juu zaidi. Upande wa kusini Mlima Hanang wapanda hata mita 3,417, na upepo uvumao chini yake katika tambarare za Wabarabaig haumhurumii mtu mwenye nguo moja. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hukaa mabondeni hata jua limepanda sana, na mtoto afikaye shuleni asubuhi hawezi kushika kalamu mpaka amefikicha vidole. Nchi ya namna hii haimwulizi mtu kama ana haja ya moto. Yamwuliza tu ataupata wapi na kwa bei gani.

Kwa Kiiraqw moto huitwa asla. Lugha hiyo, kama wasomaji wajuavyo, si ya Kibantu, bali ni ya jamaa ya Kikushi, wala haina udugu na Kidatooga cha majirani wao Wabarabaig. Kwa kazi ya kuutunza moto usiku Kiswahili chetu kina neno zuri ambalo vijana wameanza kulisahau, nalo ni kuvumbika. Mama akiisha kupika chakula cha jioni, na watu wakiisha kuota, huyakusanya makaa pamoja, akaegemeza gogo nene la mti mgumu, kisha akayafunika yote kwa majivu. Huko ndiko kuvumbika moto. Neno hilo hilo twalitumia kwa ndizi mbichi zifunikwazo zipate kuiva, na kwa tumbaku. Na katika yote maana ni moja, kwamba kitu kimefichwa lakini kazi yake yaendelea. Alfajiri binti huyafukua majivu, akaweka vijiti vikavu na kupuliza, na moto wa jana huwa moto wa leo. Bibi yetu aliyetulea alikuwa akitaja gogo la usiku kama mtu atajavyo mgeni aliyelala: "Limeamka?"

Wengi waliopata kuandika au kusema juu ya desturi za namna hii husema sababu yake ni nyepesi: watu wa kale hawakuwa na kiberiti, na kupekecha moto ni kazi ngumu, basi walilazimika kuutunza. Sisi nasi tulisema hivyo zamani. Lakini maneno hayo hayasimami yakipimwa. Katika wilaya hii hii ya Mbulu, katika bonde la Yaeda, wako Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Hao hupekecha moto kwa vijiti viwili upesi sana, hata mtazamaji hajamaliza kushangaa moshi umekwisha kutoka. Na wahamapo huuacha wa nyuma na kuzaa mwingine mahali papya. Kupekecha basi si jambo lisilowezekana kwa mwenye ujuzi. Tena kiberiti kilikuja. Kilifika katika maduka ya Mbulu zamani za wazee wetu, kikawa rahisi hata mtoto aweza kutumwa kukinunua, na moto wa Wairaqw haukuzimika. Kama haja ilikuwa kuwasha tu, sanduku moja la kiberiti lingalitosha kuimaliza desturi hii kwa mwaka mmoja. Haikumalizika, na sababu ni kwamba haja ilikuwa nyingine.

Ili kuionyesha haja hiyo twaomba ruhusa ya kwenda mbali kidogo, hata Uswidi. Huko alikuwako mtu jina lake Gustaf Dalén, fundi na mwanachuoni, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa kubuni vyombo vya kuzifanya taa za minara ya bahari zijiongoze zenyewe. Mwaka huo huo alipofushwa macho na mlipuko wa gesi kazini. Akikaa nyumbani kipofu, alifahamu jinsi mkewe alivyotaabika mchana kutwa na jiko, akaanza kufikiri, na mwaka 1922 akatoa jiko jipya ambalo tangu mwaka 1929 lilienea sana katika mashamba ya Uingereza. Jiko hilo, liitwalo AGA kwa jina la kampuni yake, halizimwi. Ndani yake mna moto mdogo tu; walakini limezungukwa na chuma kizito kinachoshika joto, na nje ya chuma limefungwa kwa unga mkavu usiopitisha joto, na juu ya sahani zake mna vifuniko vinene vya kufunika wakati hapikwi kitu. Hapo mwanzo lililishwa makaa ya mawe mara chache tu kwa siku. Usiku na mchana ni la moto, jikoni mna joto, nguo zakauka juu yake, na mkate waweza kuokwa saa yo yote.

Waingereza wa mwaka 1929 hawakukosa kiberiti. Walikuwa nacho mifukoni mwao, na wengine walikuwa na gesi ya bomba na umeme. Walilitaka jiko lisilozimika kwa sababu nchi yao ni ya baridi, nyumba zao ni za mawe, na moto mdogo udumuo una faida kuliko moto mkubwa uwashwao na kufa mara tatu kwa siku. Tulipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulicheka peke yetu, maana tulikumbuka bibi na gogo lake. Majivu yake yalikuwa kifuniko cha AGA. Lakini chuma kizito kilikuwa wapi?

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Nyumba za zamani za Wairaqw zilichimbwa katika mteremko wa kilima, ukuta wa nyuma ukawa ni udongo wa mlima wenyewe, na paa lilikuwa la miti iliyolazwa na kufunikwa udongo, likawa tambarare kama tembe za Wagogo, ila chini zaidi. Husemwa zilijengwa hivyo ili Wamaasai wavamiapo wasizione kwa mbali, nasi hatuna sababu ya kuikataa habari hiyo. Walakini nyumba iliyojengwa kwa kuhofu adui hukaliwa pia siku asizokuja adui, nazo ni nyingi zaidi. Udongo mzito wa kuta na wa paa ulinyonya joto mchana na usiku, miaka na miaka, kwa moto ule mdogo usiozimwa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walilala ndani ya nyumba hiyo hiyo, nao wana joto lao. Basi moto wa mafiga haukuwa na kazi ya kuitia nyumba joto upya kila jioni. Kazi yake ilikuwa kurudisha kidogo kilichopotea. Kwa maneno mengine, jiko la Mwiraqw halikuwa yale mawe matatu. Jiko lilikuwa nyumba nzima, na watu walikaa ndani yake.

Mtu akitaka kuhesabu kazi za moto huo ajiandae kuandika. Mwaka jana tuliwaambia watoto wa darasa la sita wawaulize bibi zao moto wa usiku wafanya nini, tukidhani watarudi na majibu matatu. Walirudi na karatasi zilizojaa. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moshi wasiyale wadudu. Fito za paa na kamba zake zilipakwa masizi, mchwa wakazikimbia. Maharage mabichi yalianikwa darini msimu wa mvua. Vibuyu vya maziwa vilisuguliwa kwa kijinga cha moto, na maziwa yakapata harufu ile ambayo mzee akiikosa husema maziwa ya leo ni maji. Ndama aliyezaliwa usiku wa baridi alisogezwa karibu. Viroboto vilipungua. Mwenye homa alilazwa upande wa ukuta wa nyuma. Mtoto mmoja aliandika ya kuwa kazi ya moto ni "kumfanya babu aseme," na kweli twaijua: hadithi za nchi hii nyingi zilisimuliwa kwa mwanga huo, na mwenye kusimulia alikuwa akichokonoa makaa kila afikapo mahali pa hofu.

Moto ulikuwa pia kipimo cha ujirani. Mama aliyekuta asubuhi moto wake umekufa alimtuma mtoto na kigae kwa jirani kuomba kaa, wala hakuna aliyenyimwa, ijapokuwa mama yule aliona haya kidogo, kama aliyelala kupita kiasi. Lakini Wairaqw walikuwa na desturi ya kutenga iitwayo meeta. Nyumba iliyopatwa na msiba fulani, kama kifo, ilijitenga na majirani kwa muda, pengine miezi mingi: hawakutembeleana, hawakula wala kunywa pamoja na wengine. Twaomba wasomaji wafikiri maana yake kwa nyumba isiyo na kiberiti. Asiyeingiliwa na jirani wala kumwingilia hana mahali pa kuomba kaa. Kwa nyumba hiyo kuvumbika vizuri hakukuwa uhodari wa mama tu. Usiku mmoja wa uzembe ulikuwa na baridi ndefu nyuma yake. Desturi hiyo ilifupishwa sana katika karne iliyopita, na leo vijana wengi hawaijui hata kwa jina.

Sasa tuseme jinsi moto ulivyopoteza nyumba yake. Wamisheni walipokuja walijenga kwa matofali, wakalitenga jiko mbali na vyumba vya kulala, na hilo lilikuwa jambo jema kwa macho na mapafu, tena kwa usalama wa vitabu. Wakristo wa kwanza waliwaiga. Ng'ombe walitolewa ndani wakapewa zizi, nalo pia ni jambo jema, nasi tumelihubiri. Nyumba za kuchimbwa ziliachwa, zikaja za msonge na za pembe nne, kisha mabati. Hata miaka ya 1974 hadi 1976, katika Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa kutoka miji yao ya mbalimbali katika miteremko, wakapangwa pamoja, na wengi wakajikuta mbali na mashamba yao, na mbali na miti waliyozoea kuokota kuni. Upande wa Hanang, tangu miaka ya 1970, tambarare za Basotu zililimwa ngano kwa maelfu mengi ya ekari, na Wabarabaig wakasongwa kwenye nchi iliyobaki.

Kila moja ya mageuzi hayo lilikuwa na sababu yake, na mengine twayashukuru. Walakini hakuna aliyekaa kuhesabu joto. Ukuta wa mlima uliondoka, paa la udongo likaondoka, ng'ombe wakaondoka, na badala yake yakaja mabati ambayo mchana huchoma na usiku hutoa jasho baridi. Moto ukabaki peke yake kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na vitu vinne. Kwa hiyo ulikula kuni nyingi kuliko zamani, si pungufu. Na mzigo huo haukumwangukia mjenzi wa nyumba, ulimwangukia mama na binti zake. Magogo ya mzeituni wa mwitu, yanayoshika kaa usiku kucha, yakawa ya kutafutwa mbali upande wa msitu wa Nou, nao ni msitu wa hifadhi, na hauingiliwi apendavyo mtu. Mikaratusi iliyopandwa karibu na misheni na shule imetusaidia sana, lakini huwaka upesi, wala hailali na kaa kama mzeituni. Wengine huchoma mabua na magunzi. Na anayechoma samadi kavu ameunyima shamba lake chakula, jambo ambalo mkulima wa Kainam, aliyesifiwa siku zote kwa kutia mbolea, hulifanya kwa kusikitika.

Tusifikiriwe ya kuwa twautetea moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 1 tu, yaani 2020, moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani. Macho ya mama yetu mzazi hayajakauka machozi miaka mingi. Huko Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri ilianzishwa mwaka 1955, waganga wameandika mengi juu ya kifafa katika nchi hii, na kila mwalimu aliyefundisha vijijini amepata kumwona mtoto mwenye makovu ya mkono au ya uso, kwa sababu ugonjwa ulimwangusha na mafiga yalikuwa wazi chini. Moto usiozimwa haulali, na asiyelala hungoja. Tulimzika mtoto wa ndugu yetu kwa sababu hiyo. Basi aletaye jiko lililo salama aletwe kwa heshima.

Nalo jiko limekuja. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba hata mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazopikia watu wengi, na shule zetu zimo, ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Zamani kila mtoto alikuja Jumatatu na ukuni wake kwapani; mwisho wa desturi hiyo hatutaulilia.

Nyumbani mwetu tulinunua mtungi wa gesi na jiko la mafiga mawili, tukaliweka juu ya meza safi, na mama akafundishwa kuliwasha. Chai ilichemka kabla hajamaliza kuyatafuta masizi ya kulaumu. Alilisifu kwa moyo wote. Likaja juma la ukungu la mwezi wa Julai, nasi tukarudi shuleni jioni moja tukamkuta amekaa katika jiko la zamani nyuma ya nyumba, amefunga mlango, na watoto wote wamemzunguka katika moshi mtupu.

Tukamwambia, "Shikamoo, mama. Mbona umeuacha mtungi?"

Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Sikuuacha. Ule mtungi wenu hupika vizuri sana. Ila ukiisha kupika huondoka, ukatuacha na nyumba yenu."

Hatukuwa na la kujibu, maana alikuwa ameisema historia yote hii kwa maneno machache. Gesi yapika, haikai na mtu. Wapimao majiko hupima muda wa sufuria kuchemka, nacho ni kipimo cha haki kwa Tanga au Dar es Salaam. Kwa Mbulu ni nusu ya kipimo. Twaona ya kuwa familia nyingi zilizopokea mitungi zimekaa na mioto miwili, wa kupikia na wa kuotea, na moshi uliokusudiwa kuondolewa umehamia tu saa za usiku, wakati milango imefungwa. Si ukaidi wa akina mama wala si ushamba. Ni hesabu ambayo hatukuifanya sisi wenye kujenga.

Tangu jioni ile tumefanya kidogo tuwezacho. Chumba cha mama tumekijengea upande wa mlima, tukaziba nafasi kati ya kuta na mabati, tukatia dari ya mbao na juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu, kama babu zetu walivyotia udongo juu ya paa zao. Ukuta ni wa matofali mabichi, unene wake urefu wa mkono hata kiwiko. Jiko lake la kuni ni la udongo, limefungwa pande zote asianguke mtoto, na lina dohani ya bati inayopanda nje. Mama bado huvumbika makaa humo kila usiku, lakini gogo alilokuwa akilimaliza kwa usiku mmoja sasa humfikisha usiku wa pili, na ya asubuhi, yaani chai na uji wa watoto, hupikwa kwa gesi. Fundi aliyejenga alicheka akisema mwalimu amerudi pangoni. Tumempa ruhusa ya kucheka, kwa kuwa alifanya kazi safi.

Limebaki ombi moja kwa wasomaji walioko Karatu, Dareda, Dongobesh, Katesh na Basotu. Twakusanya maneno ya kazi hii kabla akina bibi wanaoyatumia hawajatutoka: jina la gogo la usiku, jina la kaa liombwalo kwa jirani, neno la kuufukua moto alfajiri, na kama kuna neno moja kwa moto uliokufa wenyewe na jingine kwa moto uliozimwa na mtu, kwa Kiiraqw, kwa Kigorowa na kwa Kidatooga. Kila neno liandikwe pamoja na mahali liliposikiwa na umri wa msemaji, kwa maana neno la Kainam huenda silo la Karatu.